Jibu: Semina imeisha, wahudumu bado wanawaamulia wakazi kila kitu

Salaam, dada yangu wa Masasi. Umesema semina imepita na wahudumu wa makao yenu bado wanawaamulia wakazi wenye ulemavu kila kitu. Kwanza angalia wewe msimamizi unauliza nini asubuhi. Hapa Lindi nilikuwa nauliza, "Wote wameshakunywa uji?" Basi wahudumu wakawalisha wakazi harakaharaka ili nijibiwe ndiyo. Nikabadili: "Leo nani amejichagulia nini?" Kisha nikakaa na kijana mwenye mtindio wa ubongo, kijiko akashika mwenyewe. Dakika 40, uji ukimchuruzika hadi kiwikoni, wahudumu wakitazama. Alipomaliza alicheka sana! Saa ya kula wapunguzie wahudumu kazi nyingine, la sivyo watarudi kulekule. Uhuru wa kujiamulia umo kwenye Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Wasomee kifungu cha 4.