Kwa mwalimu unayekabidhiwa Darasa la Saba kwa mara ya kwanza

Mwalimu mwenzangu, kama Januari hii mwalimu mkuu amekukabidhi Darasa la Saba, hongera, na pole ya kazi iliyo mbele. Nimelishika darasa hilo kwa miaka mingi katika shule za serikali, zaidi nikifundisha Hisabati na Sayansi, na kosa langu la mwaka wa kwanza nataka ulijue mapema. Nilidhani kazi yangu ni kumaliza mada za darasa la saba kufikia Mei, halafu kufanya mitihani iliyopita mpaka Septemba. Mada nilizimaliza. Mitihani tulifanya mingi hata chaki zikaadimika. Watoto wakaja kuangukia mambo waliyofundishwa darasa la tano.

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unaotungwa na Baraza la Mitihani hauulizi darasa la saba peke yake. Masomo ni sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, pamoja na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, jumla 300. Kabla hujaandika azimio la kazi, chukua karatasi moja ya zamani ya somo lako na pembeni ya kila swali andika mada hiyo ilifundishwa darasa la ngapi. Kazi hiyo ni ya jioni moja au mbili. Ukiimaliza utapanga mwaka wako tofauti kabisa.

Wiki mbili za kwanza usifundishe kitu kipya. Wape majaribio mafupi ya mambo ya nyuma: kugawanya kwa namba yenye tarakimu mbili, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kubadili mita kuwa kilometa. Kisha mwite mmoja mmoja akusomee aya moja ya Kiswahili na akueleze kwa maneno yake alichosoma. Hapa ndipo utashtuka. Yupo mtoto anayekokotoa vizuri ubaoni lakini swali la maneno linamshinda kwa sababu akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Huyo ukimwongezea mazoezi ya hesabu unamchosha bure. Mpe kitabu cha hadithi na umsikilize akisoma, dakika kumi kila siku wakati wa mapumziko.

Kwenye Hisabati, kaa sana na asilimia. Faida, hasara na riba zote zimejengwa juu yake. Mama amenunua mkungu wa ndizi kwa shilingi 8,000, akauuza kwa shilingi 10,000. Amepata faida ya asilimia ngapi? Nusu ya darasa watakuambia 20, kwa kuwa wamegawanya 2,000 kwa 10,000. Jibu ni 25, maana faida hupimwa kwa bei ya kununulia. Usiwaambie tu kwamba kanuni ndiyo inavyosema. Waulize: mama alitoa mfukoni shilingi ngapi? Kila shilingi mia aliyoitoa imemzalia ngapi? Mtoto anayeuza karanga na nyanya nyumbani kwao ataelewa mara moja, tena atawaeleza wenzake kuliko wewe. Na unapotunga maswali ya kuchagua, hakikisha 20 ipo kati ya majibu. Jibu lisilo sahihi lichaguliwe kwa sababu, ili kosa likuonyeshe mtoto amepotelea wapi.

Jambo la pili ni MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Sote tulifundishwa hivyo na neno linakaa kichwani vizuri, lakini lina mtego. Andika ubaoni 18 − 6 + 4. Wanaolifuata neno herufi kwa herufi wataanza na kujumlisha, wapate 10, watoe kwenye 18, wabaki na 8. Jibu ni 16. Kujumlisha na kutoa vina hadhi moja, hufanywa kwa mfuatano kutoka kushoto kwenda kulia, na kuzidisha na kugawanya vivyo hivyo. Nimefundisha vibaya jambo hili kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, mpaka mwanafunzi mmoja aliponiuliza: kama nina shilingi 18, nikatumia 6, halafu baba akanipa 4, ninabakiwa na ngapi? Tangu siku hiyo nalianza somo na swali lake.

Sayansi usiifundishe kwa mdomo. Aina za nyenzo zinawachanganya watoto kila mwaka, nao wanaishi nazo. Leta toroli ya shule mlangoni. Gurudumu ni egemeo, mzigo uko katikati, mikono inainua mwisho: daraja la pili. Leta mkasi: egemeo liko katikati, daraja la kwanza. Chukua fagio la mti mrefu, mkono wa juu ukiwa egemeo, wa chini ukisukuma, uchafu uko mbali: daraja la tatu. Kipindi ni dakika 40 na vyote vitatu vinatosha humo. Sakiti ya umeme nayo inahitaji betri mbili, waya na balbu ya tochi, vitu vinavyopatikana duka lolote la mtaani. Mtoto aliyewasha balbu kwa mkono wake hatababaika akiona mchoro wenye swichi iliyo wazi.

Kwenye Kiswahili wengi hudhani kazi ni nyepesi kwa kuwa lugha ni yetu. Ushairi ndio unaowaangusha, hasa mizani. Wanahesabu herufi, au wanahesabu maneno. Wapigishe makofi kwa kila silabi. M-to-to, makofi matatu. Ndo-to, makofi mawili. Hapo watagundua wenyewe kwamba m ya mtoto inasimama peke yake, wakati n ya ndoto imeshikana na d. Wakishasikia tofauti hiyo kwa masikio, mshororo wa mizani 16, nane kila kipande, wataupima bila kukukimbilia. Methali na nahau zisomwe ndani ya habari, kwa sababu orodha ya kukariri huisha kichwani kabla ya Septemba.

Uraia na Maarifa ya Jamii vina tarehe zake ambazo lazima zishikwe: Vita vya Majimaji 1905 hadi 1907, Uhuru wa Tanganyika 9 Desemba 1961, Muungano 26 Aprili 1964. Chora mstari wa wakati ukutani uishi humo mwaka mzima. Kipimio cha ramani kifundishwe sambamba na Hisabati. Mtoto anayejua kwamba 1:50,000 maana yake sentimita 2 ni kilometa 1 atakuwa amejisaidia katika masomo mawili.

Kiingereza ndicho kinachoniumiza roho. Mtoto wa shule ya serikali amejifunza karibu kila kitu kwa Kiswahili, na Januari inayofuata, kidato cha kwanza, masomo yote isipokuwa Kiswahili yanageuka lugha. Ndiyo maana tangu Februari ninaandika msamiati wa Sayansi na Hisabati kwa lugha zote mbili kwenye kona ya ubao, maneno matano kwa wiki. Hayamsaidii sana mtihanini. Yanamsaidia siku atakapokuta neno photosynthesis na kujua ni usanisinuru uleule aliouchora mwenyewe.

Mitihani ya utamilifu itakuja, ya kata, ya wilaya, ya mkoa, na utasikia shinikizo kutoka kila upande. Itumie kutafuta mapengo. Usimtangaze mtoto wa mwisho mbele ya darasa. Niliwahi kufanya hivyo na msichana mmoja hakuonekana shuleni kwa siku nane. Tulimfuata nyumbani, akarudi, lakini hakuwahi tena kunyoosha mkono darasani kwangu.

Wafundishe pia kuweka kivuli kwenye fomu ya majibu, kwa penseli, na kufuta kisafi. Anza Juni, usisubiri wiki ya mwisho. Anayeruka swali la 14 na kujaza jibu la 15 mahali pake ataharibu yote yanayofuata, hata kama anajua kila kitu. Mzoeshe kuweka kidole kwenye namba ya swali kabla ya kushika penseli.

Halafu kuna miezi ambayo hakuna anayeipanga: kuanzia mtihani mpaka Januari. Wengine hupelekwa mjini kufanya kazi za ndani, wengine huanza kuchunga, na baadhi ya wasichana ndipo tunapowapoteza. Zungumza na wazazi Agosti, kabla mtihani haujafika, kwa sababu ukishapita hawana tena sababu ya kuja shuleni. Mimi huwaomba wawaruhusu watoto waje kwangu Jumanne na Alhamisi alasiri, tusome Kiingereza chini ya mwembe. Hawaji wote. Wanaokuja ninawapa daftari la yale maneno ya kona ya ubao, wanakili upya kwa mwandiko mzuri, na hilo ndilo daftari wanaloondoka nalo kwenda kidato cha kwanza.