Kilomita 1,700 na tiketi ya saa saba

SWALI: Ninajiandaa kusafiri kati ya viwanja viwili vya ndege vya mikoani, vilivyo mbali sana kimoja na kingine. Kikokotoo cha mtandaoni kimenipa umbali wa kilomita 1,700 na muda wa saa mbili, ilhali tiketi inaonyesha saa saba kwenda na saa sita na nusu kurudi. Nani amekosea?

JIBU: Hakuna aliyekosea, kwa kuwa kila mmoja amepima kitu chake. Kikokotoo hupima njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, nayo mara nyingi si ule mstari ulionyooka tunaouona kwenye ramani ya ukutani, ambayo imelaza bapa kitu cha mviringo. Chukua uzi, ubane ncha zake juu ya tufe kwenye viwanja viwili vya kaskazini ya mbali, kisha uukaze: utaona unapanda kuelekea ncha ya dunia. Viwanja vilivyo kwenye latitudo 60, vikiwa vimeachana kwa nyuzi 90 za longitudo, vina kilomita zipatazo 5,000 kati yao ukiufuata mstari wa latitudo, lakini ukiufuata uzi ni 4,600 tu.

Umbali ukishapatikana, kikokotoo huugawanya kwa mwendo mmoja, na kwa hesabu yako ni kilomita 850 kwa saa. Huo ni mwendo wa jeti iliyokwisha kutulia angani. Haumo muda wa kutambaa ardhini, kupaa wala kujipanga kutua. Tena viwanja vidogo huhudumiwa sana na ndege za pangaboi, kama ATR 72, ambazo mwendo wake ni kama kilomita 500 kwa saa.

Upepo nao una neno lake, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba kinachopotea wakati wa kwenda hurudishwa wakati wa kurudi. Tuseme upepo wa kilomita 100 kwa saa unaisukuma jeti hiyo kutoka nyuma: kilomita 1,700 zitakwisha kwa dakika 107. Ikirudi ikiukabili upepo uleule, itatumia dakika 136. Jumla ni dakika 243, ambazo ni 3 zaidi ya safari isiyo na upepo kabisa, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoipinga.

Hata hivyo, dakika hizo hazifikishi saa saba. Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba viwanja vyako viwili havina ndege ya moja kwa moja: unapelekwa kwanza kwenye kiwanja kikubwa, pengine nyuma ya uendako, unasubiri, kisha unapanda ndege ya pili. Muda wa kusubiri hutegemea ratiba, ndiyo maana kwenda na kurudi havilingani. Angalia pia kama viwanja hivyo vinafuata saa tofauti, kwa kuwa tiketi huandika saa ya mahali unapoondokea na ya mahali unapofikia, na ukitoa moja kwa nyingine bila kusawazisha utapata muda usio wa kweli.

Kabla ya kulipa, soma muda wa kila kipande cha safari peke yake, na uhakikishe kwamba vyote viwili vimo katika tiketi moja. Vikiwa katika tiketi mbili, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la ya pili kwa kawaida halilazimiki kukutafutia nafasi nyingine.