Waacheni Wakae Chini ya Mwembe: Niliyojifunza Nikifundisha Mbio Fupi

Ukipita uwanjani kwetu saa kumi na moja jioni utawakuta wakimbiaji wangu wamekaa chini ya mwembe wakipiga soga. Siku moja mzee mwenye mtoto wake kwenye timu alinijia, akanisalimu vizuri, akauliza: "Mwalimu, hawa mbona hawakimbii?" Nikamwambia wamekimbia dakika mbili zilizopita na watakimbia tena baada ya dakika moja. Akatikisa kichwa akaenda zake. Simlaumu. Miaka yangu sita ya kwanza ya ukocha ningesimama upande wake.

Mimi nilikuwa mkimbiaji wa mita 5,000, tena wa kawaida tu. Nilipokabidhiwa timu ya riadha ya shule ya sekondari huku Pwani ya Kenya, niliwafundisha watoto wa mita 100 kile nilichofundishwa mimi: asubuhi kilomita tano barabarani, jioni marudio kumi ya mita 100, na mapumziko ni ule muda wa kurudi kwa miguu hadi mstari wa kuanzia. Asiyetapika nilimwona mvivu. Nchi yetu imejaa sifa za mbio ndefu, na sifa hizo zilinifanya niamini kwamba kila mwenye miguu hutengenezwa kwa jasho lile lile.

Aliyenizindua ni kijana wa kidato cha tatu, mwenye kasi kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Ilikuwa rudio la nane. Nilikuwa namtazama mwingine, nikasikia ukelele mfupi, na nilipogeuka alikuwa ameshika nyuma ya paja, anaruka kwa mguu mmoja. Msuli umechanika. Msimu wake uliishia hapo, wiki mbili kabla ya mashindano ya kaunti. Mimi nilikuwa nimemwambia dakika chache kabla, "Bado mbili, kaza!"

Nikaanza kusoma na kuulizia. Jibu nililolipata ni jepesi hata likaniudhi. Akiba ya nishati ambayo msuli huitumia kwa kasi ya juu kabisa ni ya sekunde chache tu. Ikiisha, hujazwa polepole, kwa dakika kadhaa. Ukimkimbiza mtoto tena kabla haijajaa, atakimbia, naam, lakini hatakimbia kwa kasi yake. Atakuwa anajifunza kukimbia polepole huku amekunja uso, na mwendo wake unaharibika: nyonga zinashuka, mguu unatua mbali mbele ya mwili, na hapo ndipo msuli wa nyuma ya paja unapovutwa vibaya.

Makocha wengi wa mbio fupi wana kanuni ya dakika moja ya kupumzika kwa kila mita 10 za kukimbia kwa nguvu zote. Mita 30, dakika tatu. Mita 60, dakika sita. Piga hesabu: marudio manane ya mita 30 ni kama sekunde arobaini tu za kukimbia ndani ya dakika ishirini na tano. Zilizobaki ni za mwembe.

Sasa nieleze tunavyofanya mazoezi ya kuchomoka, maana hapa bahari imenifundisha kuliko kitabu chochote.

Huku kwetu watu hupenda kukimbiza watoto kwenye mchanga mkavu wakisema unatia nguvu. Unachosha kweli, lakini mchanga mkavu humeza mguu, na mkimbiaji wa mbio fupi anataka kinyume chake: kugusa ardhi na kuiacha. Wakimbiaji wakubwa wakiwa kwenye kasi ya juu, mguu hugusa chini kwa muda usiofika hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Basi sisi tunangoja bahari ipwe, maji yatoke. Maji yakishatoka, ule mchanga uliolowa huwa mgumu kama sakafu, na una jambo moja ambalo uwanja wa nyasi hauna: unaandika.

Mtoto anavua raba, anachomoka mita 20, kisha tunarudi wote wawili tukisoma nyayo zake. Hatua tatu za kwanza nataka nione alama ya vidole na sehemu ya mbele ya wayo tu, na mchanga uliorushwa nyuma. Nikiona kisigino kwenye hatua ya tatu, najua ameinuka mapema, amesimama wima kama anayetafuta mtu kwenye umati. Halafu napima urefu wa hatua kwa nyayo zangu mwenyewe, moja baada ya nyingine. Hatua zirefuke kidogo kidogo. Ikiwa ya pili ni ndefu kuliko ya tatu, amejirusha badala ya kusukuma. Na mchanga ukiwa umelundikana mbele ya vidole badala ya nyuma, huyo anapiga breki kila akitua. Hata umpe chakula gani na viatu gani, hatakwenda.

Kuna msichana mmoja ambaye hatua yake ya kulia ilikuwa fupi kila mara, karibu nusu wayo. Nilimsahihisha mkono, nikamsahihisha kichwa, wapi. Siku niliyomwonyesha alama zake mchangani akasema kwa sauti ndogo kwamba kifundo cha mguu kilimteguka kwenye netiboli muhula uliopita, na hakumwambia mtu. Tungeendelea kugombana na mikono yake hadi leo.

Kuhusu maneno: usiyamwage. Mtoto anayekimbia sekunde nne hawezi kukumbuka mambo matano. Mimi humpa moja kwa siku. Anapochomoka, "Sukuma ardhi nyuma." Akishafika kasi ya juu, "Legeza taya." Wengine hucheka nikisema hilo la taya, lakini mtazame mtoto anayeachwa akiwa mita ya sabini. Ataanza kuuma meno, mabega yatapanda hadi masikioni, mikono itakaza, na miguu itaifuata mikono. Hakuna anayeongeza kasi mwishoni mwa mita 100. Usain Bolt alipokimbia sekunde 9.58 kule Berlin mwaka 2009, mita 20 zake za haraka kuliko zote zilikuwa kati ya mita 60 na 80. Baada ya hapo hata yeye alipungua. Anayeonekana "kuwapita" wenzake mwishoni ni yule anayepungua kidogo kuliko wao, na anayekaza hupungua upesi.

Kuna mabishano ya zamani baina ya makocha, na utakutana nayo ukianza kazi hii. Charlie Francis wa Canada alishikilia kwamba siku ngumu iwe ngumu kweli na siku nyepesi iwe nyepesi kweli, na kwamba zile za katikati, za kukimbia nusu nusu, huua kasi. Jina lake limechafuka, na kwa haki: mwanariadha wake Ben Johnson alinyang'anywa dhahabu ya Seoul mwaka 1988 kwa sababu ya dawa. Dawa sizitetei hata kidogo. Hoja ya kupanga siku, lakini, imenifaa. Upande mwingine yuko Clyde Hart wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, aliyemfundisha Michael Johnson hadi akakimbia mita 400 kwa sekunde 43.18 mwaka 1999. Huyo alianza msimu na marudio mengi ya masafa marefu kidogo, akapunguza idadi na kuongeza kasi kadiri mashindano yalivyokaribia.

Nani mkweli? Kwa watoto wangu wa mita 400 nafuata ya Hart. Wa mita 100 na 200 nafuata ya Francis: tunaanzia masafa mafupi, mita 20 na 30, kisha tunarefusha. Jumatatu ni kuchomoka, Jumatano kasi ya juu, Ijumaa mbio ndefu kidogo za mita 80 hadi 120. Siku za katikati ni kunyoosha viungo, kuruka ruka kidogo na kupokezana kijiti kwa mwendo mwepesi. Saa 48 baina ya siku ngumu, sipunguzi hata tukikaribia mashindano. Hasa tukikaribia mashindano.

Mtu asikwambie kwamba mbio fupi si zetu. Seraphino Antao, mtoto wa Mombasa, alishinda yadi 100 na yadi 220 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Perth mwaka 1962. Ikachukua miaka 60 hadi Ferdinand Omanyala, aliyetokea kwenye raga, akaichukua mita 100 ya michezo hiyo Birmingham, baada ya kukimbia 9.77 Kasarani mwaka 2021. Katika hiyo miaka 60 sidhani miguu yenye kasi ilikosekana. Nadhani wengi tuliwapeleka barabarani asubuhi na mapema wakakimbie kilomita tano.

La mwisho ni saa. Ukipima kwa mkono, mita 100 hutoka nzuri kuliko ukweli: mpimaji huchelewa kubonyeza anaposikia mlio, lakini mwishoni humwona mtoto anakuja na kubonyeza palepale. Kiasi kinachoongezwa kulinganisha na saa ya umeme ni sekunde 0.24, kwa hiyo ile 10.9 mnayoshangilia kwenye michezo ya shule ni 11.14. Mwambie mtoto mapema, asije akalia kwenye uwanja mkubwa akidhani amezorota.

Siku ya kasi ya juu siitumii saa ya mkono kabisa. Nasimika vijiti viwili umbali wa mita 20, mtoto anaanza mbali ili afike cha kwanza akiwa tayari kwenye kasi, na simu iko pembeni juu ya kiti inarekodi vijiti vyote viwili. Simu yangu inapiga picha 60 kwa sekunde. Nahesabu picha kutoka kijiti cha kwanza hadi cha pili; zikiongezeka, kasi imepungua. Aliyepita kwa picha 135 kisha akaja na 136, aendelee. Akija na 139, namwambia avae raba.

Huwa ananuna. "Mwalimu, moja tu ya mwisho." Sikubali, maana ule ukelele wa msuli kuchanika nishausikia mara moja. Anachukua mkoba wake anaondoka bila kuniaga vizuri, na keshokutwa ndiye wa kwanza kufika uwanjani.