Breki ya Nissan Leaf inazama baada ya kubadilisha kalipa

Kaka, kwanza paki hiyo gari, usiende nayo hata dukani. Umesema pedali imeanza kuwa laini tangu fundi abadilishe kalipa ya mbele (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya tairi), basi mimi nashuku upepo umebaki kwenye paipu za mafuta ya breki. Pampu pedali mara 4 au 5 harakaharaka, ikipanda na kuwa ngumu ni upepo, ila ukiikanyaga ukaishikilia na yenyewe inashuka taratibu mpaka chini, hapo kuna sehemu inavuja au masta silinda (ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga) imechoka ndani. Angalia level ya mafuta ya breki kwenye kichupa, pitia na nyuma ya kila tairi kama kuna unyevu.

Sasa gari ya umeme kama hiyo Leaf ina mambo yake, maana mota ndo inapunguza mwendo muda mwingi, pedi zinakaa hata miaka bila kuisha na watu wanasahau mafuta ya breki kabisa, kumbe yanaendelea kunyonya maji hata kama gari limelala tu, yakipata moto mteremkoni yanachemka na pedali inazama. Yakiwa meusi mwaga yote, weka mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko.

Kutoa upepo tafuta fundi mwenye mashine ya daignosi (ya kuongea na kompyuta ya gari), kwa sababu breki ya Leaf inasukumwa na mota na ina kompyuta yake, akilazimisha kienyeji upepo unaweza kubaki kwenye ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukifunga breki). Na nyaya za rangi ya machungwa asiziguse, tafadhali, hizo ni za umeme mkubwa.