Historia ya Muziki Unaousikiliza, Iweke Nyumbani Kwako

Wiki iliyopita dada mmoja msomaji aliniandikia kutoka Mombasa. Programu aliyokuwa akisikilizia muziki ilimfungia akaunti, na orodha yote ya nyimbo alizowahi kusikiliza ikapotea nayo. "Kaka, kuna namna ya kuirudisha?" Siku ile nilimjibu kwa mistari michache, maana jibu lenyewe halikuwa la kufurahisha. Leo namjibu kwa urefu, yeye pamoja na ninyi wote mnaopenda kujua mwaka wenu umepita na nyimbo zipi.

Yaliyompata nayajua. Kuna kampuni iliwahi kunifanyia hivyo hivyo: barua pepe fupi, akaunti imefungwa, hakuna wa kumpigia simu. Ndani yake kulikuwa na safari zangu za basi za usiku, nyimbo za wakati wa mitihani, na miezi baada ya msiba wa baba ambapo sikusikiliza kingine ila bendi alizozipenda yeye. Jamaa zangu wakaniambia hiyo ni orodha tu, utaanza nyingine. Sikuwaelewa wakati ule na hata leo siwaelewi. Nikaamua hesabu yangu haitakaa tena kwa mtu. Sasa inakaa kwenye rafu ya sebuleni, ndani ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu iliyochomekwa kwenye ruta, na inafanya kazi usiku na mchana. Najivunia kazi hiyo, sifichi.

Kuandika kila wimbo unaopigwa, ambako sisi wenyewe tunakuita kuskroboli, ni jambo la siku nyingi. Mwaka 2002 Audioscrobbler ilianza kama mradi wa mwanafunzi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza. Baadaye ikaungana na Last.fm, tovuti ya muziki ya London, na mwaka 2007 CBS, kampuni ya habari ya Marekani, ikainunua Last.fm kwa dola milioni 280. Hebu itafakari bei hiyo. Kwa macho yangu, sehemu kubwa ya thamani ile ilikuwa ni kumbukumbu za watu kama mimi na wewe. Kama wakubwa wanaona ina bei hiyo, wewe unaiachaje mikononi mwa mtu anayeweza kukufungia mlango bila kukueleza sababu?

Programu ninayoitumia kupokea na kuhesabu nyimbo hizo inaitwa Maloja. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, imeandikwa kwa Python, na kila kitu inakiweka kwenye hifadhidata ya SQLite, yaani faili unaloweza kulinakili kama unavyonakili picha. Ninaiendesha ndani ya Docker, zana inayofungasha programu pamoja na mahitaji yake ndani ya kasha liitwalo kontena. Ukurasa wake unafunguka kwenye poti 42010 (namba ya mlango ambao programu inausikiliza mtandaoni) na nenosiri unaliweka mwenyewe. Kusimamisha kontena si kazi ya kumtisha mtu, maelekezo yapo na yanafuatika. Kama huna Raspberry Pi, laptop ya zamani iliyovunjika kioo inatosha kabisa.

Kwenye simu ya Android weka Pano Scrobbler. Inasoma arifa za programu yoyote inayopiga muziki na kutuma jina la wimbo kwenye seva yako, yaani ile kompyuta yenye Maloja, na bando likiisha inazishika nyimbo hadi mtandao urudi. Kwenye kivinjari cha kompyuta kuna kiendelezi cha Web Scrobbler, ambacho kinakamata hata YouTube, na sisi tunajua ni muziki mwingi kiasi gani wa nyumbani unapatikana YouTube peke yake. Kama una nyimbo zako kwenye diski, Navidrome inazipiga kutoka kwenye kompyuta hiyo hiyo na kutoa taarifa ya kila wimbo. Kikwazo cha huku kwetu ni kwamba mitandao mingi haikupi anwani ya IP ya hadharani, yaani namba ambayo mtu wa nje angeifikia nyumba yako kupitia mtandao, hivyo ukitoka nje ya nyumba simu haiioni seva. Mimi natumia Tailscale, inayounganisha vifaa vyangu kwa njia ya siri, nami sijafungua poti hata moja kwenye ruta.

Hadi hapo ni ufundi wa kawaida. Kazi yenyewe, ambayo sijaona wengi wakiizungumzia, ni majina.

Muziki wetu umeandikwa ovyo kwenye mitandao. Mbaraka Mwinshehe utamkuta kwa tahajia zaidi ya moja, mahali pengine na Morogoro Jazz, pengine na Super Volcano, pengine peke yake. Mlimani Park mara ni DDC, mara ni Orchestra, mara ni Sikinde tupu. Nyimbo za bongo fleva tulizopakua zamani zina jina la tovuti lililopachikwa katikati ya jina la msanii. Mashine haijui lolote kuhusu hayo. Kwake kila tahajia ni msanii mpya, na bendi uliyoisikiliza mwaka mzima inagawanyika vipande vipande hadi inazidiwa na kijana mwenye wimbo mmoja uliovuma.

Maloja ina dawa. Ndani yake kuna folda ya kanuni, mafaili ya maandishi matupu yenye safu zilizotenganishwa kwa kitufe cha Tab. Kanuni ya replaceartist inabadilisha jina baya kuwa zuri. Ninayoipenda zaidi ni countas, kwa sababu ya Msondo. Bendi ile ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, kwa jina la chama cha wafanyakazi. Chama kikabadilika, nayo ikawa JUWATA, kisha OTTU, hadi ikaitwa Msondo Ngoma. Kwa countas kila wimbo unabaki na jina la enzi yake, lakini kwenye hesabu ya jumla zote zinaingia kwa Msondo. Siku nilipoiweka kanuni ile, Msondo ikapanda hadi kileleni kwenye chati yangu, pale ilipostahili kuwa siku zote. Baba angefurahi.

Ila usiunganishe kila kinachofanana. Simba Wanyika na Les Wanyika ni bendi mbili. Ya pili ilizaliwa mwaka 1978 wanamuziki walipojitenga na ya kwanza. Anayeziweka pamoja anafuta ugomvi uliotupa muziki mtamu. Mpenzi wa muziki lazima ayajue haya. Ukisema unaupenda muziki wa kwenu na hujali umeandikwaje, upendo huo una kasoro.

Jambo jingine la kuangalia ni kipimo. Kwa kanuni ya tangu enzi za Last.fm, wimbo unahesabiwa ukizidi sekunde 30, na uwe umeusikiliza nusu yake au dakika 4, kinachotangulia. Taarabu ya dakika kumi na kitu inapata alama moja sawa na singeli fupi. Chati ya idadi ya nyimbo kwa hiyo huwapunja wazee. Ndiyo maana mimi huangalia na muda. Faili la historia unaloweza kuiomba Spotify lina hesabu ya milisekunde kwa kila wimbo uliopigwa, na hapo ndipo utaona ukweli wa masikio yako.

Na hilo ndilo jibu lenye matumaini kwako, dada yangu. Sheria za faragha zinawalazimisha wengi kukupa taarifa zako ukiziomba, hata akaunti ikiwa na matatizo. Andika ombi leo, usingoje kesho. Wenye akaunti za Spotify zilizo hai waombe ile historia ndefu, ambayo inaweza kuchukua hadi siku 30 kufika. Mafaili yakifika, Maloja inayaingiza kwa amri moja. Msingoje mfungiwe ndipo mkumbuke kuomba.

Halafu fanya nakala rudufu. Memori kadi ya Raspberry Pi haipendi umeme unaokatika ghafla, na wa kwetu unakatika. Mimi nakala moja naiweka kwenye flashi, nyingine kwa dada yangu Dodoma. Kumbukumbu za nilichosikiliza natuma pia ListenBrainz, inayoendeshwa na MetaBrainz, shirika lisilo la faida, na data zake ziko wazi kwa yeyote. Wenye MusicBrainz, orodha ya mtandaoni ya wasanii na nyimbo, ni hao hao, na kule mtu yeyote anaruhusiwa kusahihisha majina ya wasanii. Jisajilini. Tusipoandika sisi majina ya bendi zetu sawasawa, atayaandika mtu asiyewahi kuzisikia.

Faili langu la kanuni nitampa yeyote atakayeniandikia. Upande wa Dar es Salaam na Morogoro limeshiba. Bendi za Tanga na vikundi vya taarabu vya Mombasa bado ni haba, na hapo ndipo naomba msaada wenu.