Chapisha ukiwa bado mwanafunzi, na wanaokusoma wakusahihishe

Mwaka wa pili wa stashahada yangu ya uandishi wa habari nilikuwa na madaftari manne ya habari ambazo mwalimu peke yake ndiye aliyezisoma. Zilirudi na alama, zikaishia chini ya kitanda. Likizo ilipofika nikarudi nyumbani Ujiji, nikafungua blogu ya bure ya WordPress kwa simu, na asubuhi moja nikaenda mwalo wa Kibirizi, wavuvi wanakoshusha samaki, kuandika kuhusu kina mama wanaoanika dagaa.

Nilikuta vichanja vitupu. Mitumbwi imevutwa nchi kavu, vijana wanashona nyavu, kina mama wachache wamekaa kivulini. Nikapiga picha, nikazungumza nao kidogo kuhusu maisha, nikarudi kuandika kwamba dagaa wameadimika Ziwa Tanganyika na wavuvi wamekata tamaa. Kiungo nikakirusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaani kwetu.

Siku ya tatu mama mmoja mchuuzi alinisimamisha njiani. Mwanawe alikuwa amemsomea. Nilimwamkia, akaitika, kisha akasema: "Mwanangu, umeandika jambo ambalo hukutuuliza. Mwezi hukuuona?"

Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa zito, taa huwavuta samaki wakakusanyika. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa ziwa zima, taa haiwavuti tena kama usiku wa giza, kwa hiyo wavuvi hupumzika na kutengeneza nyavu. Ndivyo ilivyo kila mwezi, na mimi niliyezaliwa Ujiji nilikwenda mwaloni siku za mbalamwezi nikaandika habari ya njaa. Kilichomuumiza mama yule zaidi ni kwamba mteja wake wa Tabora alikuwa ameshampigia simu kuuliza kama bei imepanda.

Mwalimu wangu asingeligundua kosa lile. Angesahihisha nukta na aya ya kwanza, akanipa alama nzuri tu. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wenzangu msisubiri cheti ndipo mchapishe. Chuoni unasomwa na mtu anayeijua kazi ya uandishi. Ukichapisha unasomwa na mtu anayelijua jambo lenyewe. Unawahitaji wote wawili, na huyo wa pili darasani hayupo.

Kusahihisha nako kuna utaratibu wake. Nilitaka kuifuta habari ile usiku uleule. Nashukuru sikuifuta, kwa sababu waliokwisha kuisoma wangebaki na uongo wangu kichwani. Niliandika juu kabisa, kabla ya aya ya kwanza, kwamba habari ilikuwa na kosa, kosa lenyewe ni lipi, na tarehe niliyolirekebisha. Kisha nikaituma tena kwenye kundi lilelile. Hatua hii ya mwisho wengi huiruka: sahihisho lipite njia ileile lilikopita kosa.

Jambo jingine ni ruhusa. Kina mama wale niliwaambia nafanya zoezi la chuo, nao wakazungumza kama mtu anavyozungumza na mtoto wa shule. Hawakujua kwamba maneno yao yatafunguliwa na mtu yeyote, Dar es Salaam au ng'ambo ya ziwa, Kongo. Siku hizi nasema wazi kabla sijatoa daftari: hii naiweka intaneti, na wakwe zako wanaweza kuisoma. Wapo wanaokataa. Wapo wanaokubali bila jina wala picha, na hilo nalitimiza.

Mambo ya ufundi hayahitaji maneno mengi. Andika kwanza kwenye simu bila bando, nakili baadaye. Punguza ukubwa wa picha, kwa sababu msomaji wako naye ananunua bando. Ukimaliza isome kwa sauti, ilale usiku mmoja, ndipo uchapishe.

Sheria usiipuuze. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022, na zinahusu leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwa wanaochapisha habari na matukio. Soma toleo linalotumika sasa, kisha mwulize mwalimu wako wa sheria blogu yako inaangukia wapi. Soma pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hasa kuhusu taarifa za uongo.

Kuhusu cha kuandika: wageni wa Kigoma wote huanza na MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Hayo yameandikwa mara nyingi. Wewe mtafute mzee aliyepanda Liemba akiwa mtoto kwenda Kasanga, umwulize walikula nini njiani na nani aliwapokea. Hiyo itakuwa habari yako, na wajukuu zake wataisoma wakuambie ulipokosea.

Mama yule sasa ndiye ninayemsomea rasimu zangu za ziwani kabla sijazichapisha. Juzi alinikatiza katikati ya aya ya pili, akaniuliza kama gunia nililoandika ni la dagaa wakavu au wabichi. Sikuwa nimeuliza. Kesho alfajiri narudi Kibirizi.