Maswali na Majibu: Je, Zana Ghali za Uvuvi Zinalipa?

Wasomaji wanne wa Mtwara na Lindi wameuliza, kila mmoja kwa namna yake, kama zana za uvuvi za bei kubwa hurudisha gharama zake.

Shikamoo. Mimi ni mvuvi wa mshipi hapa Msanga Mkuu. Muuzaji ananishauri niache nailoni ya kawaida ninunue uzi wa kusuka, ambao bei yake ni mara kadhaa. Je, ninunue?

Marahaba. Inategemea kina unachovua. Nailoni hunyumbuka, na kadiri mshipi unavyokuwa mrefu ndivyo mnyumbuko huo unavyoongezeka. Ukishusha pima 40 (pima moja ni karibu mita 1.8) kumtafuta chewa, mdono wa samaki humezwa na uzi wenyewe kabla haujafika kidoleni, na hata ukivuta kwa nguvu, ndoana husogea kidogo tu. Uzi wa kusuka haunyumbuki kiasi hicho, tena kwa nguvu ileile huwa mwembamba zaidi, kwa hiyo mkondo wa bamvua, yaani wa maji makuu, hauusukumi sana na chubwi dogo, yaani uzito wa kuzamisha mshipi, hutosha. Hapo fedha yako inafanya kazi. Kwa anayevua kwenye maji ya pima 5, sioni sababu ya kuingia deni.

Kuna mambo ambayo wauzaji hawapendi kuyataja: uzi huo hukatika upesi ukisugua matumbawe, hukata vidole, na fundo ulilozoea kulifunga kwenye nailoni huteleza. Nunua wa kutosha sehemu ya juu ya mshipi tu, fungia mwishoni pima 2 au 3 za nailoni nene, ongeza mizunguko kwenye fundo, na uvishe vidole vyako vipande vya mpira wa baiskeli. Ukienda kumtafuta nguru, malizia kwa waya, kwa sababu meno yake hayaulizi bei ya uzi.

Ndoana zisizoshika kutu zinafaa kuliko za kawaida? (Msomaji, Lindi mjini)

Kwa uvuvi wa miambani, hapana. Ndoana nyingi utazipoteza kwenye mawe kabla hazijapata muda wa kushika kutu, na samaki akikata uzi akaondoka na ndoana isiyooza, atakaa nayo muda mrefu zaidi. Nunua za kawaida zilizo kali, uzisuuze kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na kuzikausha, na uwe na tupa ndogo ya kuzinoa.

Sisi ni vijana wa Kilwa Kivinje tunaotaka kununua jarife, ule wavu mkubwa wa kunasia samaki. Nyavu za timba, zile za uzi mmoja usiosokotwa, ni nafuu sana. Kwa nini tulipe zaidi?

Wadogo zangu, bei ya timba haiishii dukani. Sheria ya uvuvi inazikataza, na mkikamatwa mtapoteza nyavu pamoja na siku za kazi, mbali na kesi yenyewe. Hata tukiweka sheria kando, wavu wa uzi mmoja mwembamba kama ule ukichanika ni shida kuushona, ilhali jarife la nyuzi zilizosokotwa hushonwa jicho kwa jicho na kurudi majini. Kabla ya kununua, gawanyeni bei kwa misimu mnayotarajia kulitumia, kisha jumlisheni gharama ya kulishona. Mkilinganisha hivyo, zile nyavu nafuu hazibaki nafuu. Mkishalipata, msilianike juani mchana kutwa, maana jua huila nailoni hata kama mlinunua iliyo bora kuliko zote sokoni. Nimeona majarife mazuri mengi zaidi yakiharibikia ufukweni kuliko baharini.

Mimi ni mtumishi niliyehamia Mtwara. Nataka fimbo ya kuvulia na mashine ya kukunjia uzi, kwa burudani ya jioni pale Shangani. Nichukue ya bei ya juu?

Fimbo ya bei ya kati inatosha. Fedha iliyobaki iweke kwenye mashine, kwa sababu chumvi na mchanga huingia kwenye beringi, na mashine hafifu huanza kukwaruza mapema kisha hukwama samaki akiwa bado anavuta. Hata iliyo ghali itakufa usipoimwagia maji baridi taratibu na kuifuta kila urudipo nyumbani. Kwenye chubwi usitumie fedha kabisa: wavuvi hufunga plagi chakavu za pikipiki, na ukilining'iniza kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe, likinasa kwenye jiwe utapoteza plagi peke yake.